Jinsi ya Kulipima Lisemwalo: Mwongozo Kamili wa Kuhoji Imani Zilizozoeleka

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika mambo ya watu methali hii ina busara yake, kwa kuwa uvumi mara nyingi huwa na chembe ya ukweli nyuma yake. Lakini ukiigeuza iwe kanuni ya kuijua dunia, itakuponza. Inasemwa kwamba mwezi mpevu huvuruga akili za watu. Inasemwa kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake, na kwamba radi haipigi mahali pamoja mara mbili. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, na mwili usingegharamia kiasi hicho kiungo ambacho sehemu kubwa yake imelala. Jengo la Empire State kule New York hupigwa radi mara nyingi kila mwaka.

Mwongozo huu umejengwa juu ya swali moja, nami nakuomba ulishike kabla ya kitu kingine chochote: kama jambo hili si kweli, ningeona nini tofauti na ninachokiona sasa? Mtu akikuambia kwamba kinywaji fulani kilimponya mafua, jiulize mafua yake yangekwendaje asingekinywa. Ikiwa jibu ni kwamba yangekwisha vilevile, basi kupona kwake hakujakuambia lolote kuhusu kinywaji. Hatua zote zinazofuata ni njia mbalimbali za kulijibu swali hilo bila kujidanganya. Kuhoji si kukataa. Anayekataa kila kitu anafanya uvivu uleule wa anayekubali kila kitu, kwa sababu wote wawili wameshaamua kabla ya kuangalia.

Hatua ya 1: Ligeuze jambo liwe dai linaloweza kushindwa

"Mwezi una nguvu juu ya watu" ni kauli isiyopimika. Nguvu gani? Watu gani? Lini? Iandike upya: "Usiku wa mwezi mpevu, idadi ya wagonjwa wanaofika idara ya dharura huwa kubwa kuliko usiku mwingine." Sasa una kitu cha kuhesabu, na hesabu inaweza kukuambia hapana. Hesabu za namna hii zimefanywa mara nyingi. Mwaka 1985 James Rotton na Ivan Kelly walikusanya tafiti 37 zilizohusisha mwezi na vurugu za tabia za watu, wakazichambua kwa pamoja, na hawakupata uhusiano wowote wa maana.

Chukua karatasi uandike dai kwa sentensi moja. Chini yake andika matokeo yatakayoliunga mkono, kisha matokeo yatakayoliangusha. Fanya hivyo kabla ya kuangalia ushahidi wowote, kwa kuwa ukishaona matokeo, akili hupata maelezo ya kila kitu.

Baadhi ya madai yatakataa kuandikwa hivyo. Utasikia kwamba jambo hilo hufanya kazi kwa mwenye imani tu, au kwamba nguvu yake hutoweka pale inapopimwa. Dai lenye mlango wa nyuma kila upande halisemi chochote kuhusu dunia, hata likitamkwa kwa sauti nzito. Muulize mwenye dai kwa upole: ni jambo gani likitokea utakubali kwamba si kweli? Akikosa jibu, huna haja ya kubishana naye zaidi, kwa sababu hakuna kilichowekwa mezani.

Niseme wazi kwamba upendo, maadili na ibada havipimwi kwa jaribio, na sioni sababu ya kuvipeleka huko. Ila imani yoyote ikitoa ahadi kuhusu mwili, hali ya hewa, fedha au tukio litakalotokea kesho, imeingia yenyewe kwenye uwanja wa kupimwa.

Hatua ya 2: Lifuate dai hadi lilikoanzia

Wengi wetu tuliambiwa shuleni kwamba Ukuta Mkuu wa China unaonekana kwa macho kutoka mwezini. Lifuatilie dai hilo nyuma. Mwaka 1754 Mwingereza William Stukeley aliandika katika barua kwamba huenda ukuta huo ungeweza kuonekana kutoka mwezini. Yuri Gagarin, binadamu wa kwanza kufika angani, aliruka mwaka 1961. Kwa hiyo dai lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 200 kabla ya yeyote kuwa na uwezo wa kulithibitisha. Mwaka 2003 Yang Liwei, mwanaanga wa kwanza wa China, alirudi kutoka kwenye mzunguko wa dunia, karibu mno kuliko mwezini, akasema hakuuona. Ukuta ni mrefu sana, lakini upana wake ni wa mita chache tu na rangi yake hufanana na ardhi inayouzunguka.

Swali la hatua hii ni fupi: nani alisema kwanza, naye alijuaje? Mara nyingi nusu ya pili ndiyo inayomaliza kazi.

Ukiwa kwenye intaneti, usizame ndani ya ukurasa mmoja kutafuta kama unaaminika. Utaona nembo nzuri, maandishi safi na picha ya mtu aliyevaa koti jeupe, na vyote hivyo vinapatikana kwa urahisi. Toka nje. Fungua kurasa nyingine uone watu wasiohusika wanasema nini kuhusu mwandishi huyo na dai hilo. Picha ikikushtua, itafute kwa kutumia picha yenyewe badala ya maneno; mara nyingi utakuta ilipigwa miaka mingi nyuma, mahali pengine, kwa tukio jingine. Ukiona "wanasayansi wamegundua", tafuta ni wanasayansi gani, waliandika wapi, walipima watu au panya, na wangapi. Habari isiyokupa hata kimoja kati ya hivyo, iache kwanza.

Kuwa mwangalifu na wingi wa wasemaji. Tovuti 10 zilizonakili habari moja ni shahidi mmoja tu. Wengi wape ni kanuni nzuri ya kikao, lakini ukweli haupigiwi kura. Kuna jambo la hatari zaidi hapa: mwaka 1977 Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino walionyesha kwamba kauli iliyorudiwarudiwa huonekana ya kweli zaidi machoni pa watu kuliko kauli mpya, iwe ni kweli au uongo. Kwa hiyo ile hisia ya "hili nalijua siku nyingi" huenda ni alama ya kulisikia mara nyingi tu. Ukiihisi, ichukue kama dalili kwamba hujawahi kulichunguza.

Hatua ya 3: Hesabu yale yasiyovuma

Avumaye baharini papa, kumbe wengine wapo. Sijui methali inayofaa zaidi kwa kazi hii, na kama utachukua hatua moja tu katika mwongozo huu, chukua hii.

Tuseme mtu anaamini kwamba ndoto zake hutabiri mambo. Atakusimulia usiku alioota jamaa yake anaumwa, na asubuhi simu ikaja. Kisa hicho ni cha kweli na kimemgusa. Lakini kisa kimoja ni kisanduku kimoja kati ya vinne. Chora msalaba kwenye karatasi upate visanduku vinne:

- Niliota, na likatokea.
- Niliota, na halikutokea.
- Sikuota, na likatokea.
- Sikuota, na halikutokea.

Kisanduku cha kwanza ndicho pekee kinachosimuliwa. Kisanduku cha pili husahaulika kabla ya chai ya asubuhi. Cha tatu, yaani ndugu walioumwa bila ndoto yoyote kuja, hakuna anayekifikiria kuwa kinahusika. Cha nne hakina hata cha kukumbuka. Huwezi kujua kama ndoto hutabiri mpaka ujue ukubwa wa visanduku vyote vinne, kwa sababu swali letu la msingi liko palepale: kama ndoto hazitabiri kitu, je, kisanduku cha kwanza kingekuwa kitupu?

Kisingekuwa kitupu hata kidogo. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba uwezekano wa ndoto kulingana kwa bahati na tukio la siku inayofuata ni mara 1 katika usiku 10,000. Usiku 10,000 ni takriban miaka 27, hivyo mtu mmoja angetarajia kisa cha namna hiyo mara mbili au tatu maishani. Katika mji wenye watu milioni 1, watu 100 wangepatwa nacho kila usiku. Hao 100 hawadanganyi. Watasimulia kwa mshangao, tena kwa dhati, na wale 999,900 waliobaki hawatakuwa na hadithi ya kusimulia. Ndiyo maana masikio yako yamejaa visa vya ndoto zilizotimia.

Tumia visanduku hivi kwa kila kitu: nambari ya bahati, hisia kwamba simu italia, siku ya mikosi, mtabiri aliyepata, mtu aliyeacha shule akatajirika. Katika huyo wa mwisho, usimtazame tajiri peke yake. Waulizie wote walioacha shule, kisha wote waliobaki shuleni, halafu hesabu matajiri upande huu na upande ule.

Njia ya vitendo ni daftari. Ukiwa na imani ya namna hii, ama yako ama ya mtu wa nyumbani aliye tayari, andika utabiri kabla ya tukio, pamoja na tarehe na mwisho wa muda wake. Kila usiku wenye ndoto nzito, iandike asubuhi kabla ya kushika simu. Baada ya miezi michache una visanduku vyenye takwimu, na kumbukumbu haiwezi tena kukuchagulia.

Hatua ya 4: Tafuta cha kulinganishia

Mafua ya kawaida hudumu kama siku 7 hadi 10. Watu hutafuta dawa pale yanapowazidi, yaani karibu na kilele, na baada ya kilele ni kushuka tu. Hivyo chochote utakachomeza siku hiyo kitaonekana kimekusaidia. Hali ni hiyohiyo kwa maumivu ya mgongo, chunusi, na mfululizo wa siku mbaya kazini: tunachukua hatua mambo yanapokuwa mabaya kupita kawaida, na kawaida hurudi yenyewe.

Dawa ya tatizo hili ni kundi la kulinganishia. Mwaka 1747 daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, alichukua mabaharia 12 waliougua kiseyeye, akawapa chakula kilekile cha msingi, akawagawa wawili wawili katika makundi sita. Kila kundi lilipata tiba yake: siki, maji ya bahari na nyinginezo. Waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu haraka mno kuliko wengine. Angempa kila mtu machungwa asingeweza kusema ni nini kilichowaponya. Uwezo wa kusema ulitoka kwa wale 10 ambao hawakuyapata.

Kukosekana kwa kundi la aina hiyo kumegharimu watu maisha. Mwaka 1998 jarida la tiba la Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, ikidokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, na usonji (autism). Dalili za usonji mara nyingi huanza kuonekana kwa wazazi katika umri uleule ambao chanjo hiyo hutolewa, kwa hiyo wazazi wengi wangekumbuka kwa uaminifu kabisa kwamba kimoja kilifuata kingine. Swali ambalo watoto 12 hawawezi kulijibu ni hili: je, watoto wasiochanjwa hupata usonji kwa kiwango kidogo? Watafiti wa Denmark walilijibu mwaka 2019 kwa kufuatilia watoto 657,461. Waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Makala ya Wakefield ilikuwa imeshafutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, naye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza baada ya kubainika kwamba utafiti uliendeshwa kinyume cha maadili na bila uaminifu. Lakini katikati ya hayo yote wazazi wengi walikuwa wameacha kuchanja, na surua ilirudi mahali ilikokuwa imedhibitiwa.

Kwa hiyo kila ukisikia "alitumia hiki akapona" au "alifanya hiki akaugua", uliza: na wasiotumia? Na wasiofanya? Nambari nazo ziulizwe hivyohivyo. "Hatari huongezeka maradufu" inaweza kuwa kutoka mtu 1 hadi watu 2 katika kila 10,000. Ulizia nambari ya mwanzo kabla ya kuogopa.

Hatua ya 5: Ficha jibu

Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na farasi Ujerumani aliyeitwa Hans, aliyekuwa akijibu maswali ya hesabu kwa kugonga ardhi kwa kwato. Mwenye farasi, Wilhelm von Osten, alikuwa mwalimu wa hesabu, na hakuwa tapeli. Aliamini kwa moyo wote kwamba amemfundisha mnyama kufikiri. Mwaka 1904 tume ya wataalamu ilimchunguza na haikukuta hila. Kisha mwanasaikolojia Oskar Pfungst akafanya jambo ambalo wengine hawakulifanya ipasavyo: akapanga baadhi ya maswali yaulizwe na mtu asiyejua jibu, na mengine yaulizwe farasi akiwa hamwoni muulizaji. Hans akashindwa. Ilibainika kwamba muulizaji, bila kujua, hukaza mwili wakati kwato zinahesabu, kisha huulegeza kidogo hesabu ifikapo jibu sahihi. Farasi alikuwa akisoma mtikisiko mdogo wa kichwa. Pfungst mwenyewe, hata baada ya kuijua siri, alipata shida kuzuia mwili wake usimpe farasi ishara.

Chukua hilo kwa uzito. Mtu mwaminifu, mbele ya wachunguzi waaminifu, anaweza kuzalisha muujiza usiokuwepo. Kwa hiyo kumuuliza mtu kama anadanganya hakutoshi. Inabidi jibu lifichwe kwa wote walio karibu.

Si lazima uwe na maabara. Msichana wa Marekani, Emily Rosa, alikuwa na umri wa miaka 9 alipoanza kuwapima watu waliodai kutibu kwa kuhisi nguvu inayozunguka mwili wa mgonjwa bila kumgusa. Aliweka kizuizi cha kadibodi, mtaalamu akapenyeza mikono yake miwili upande wa pili, na Emily akaweka mkono wake juu ya mmoja kati ya hiyo miwili, akiuchagua kwa kurusha sarafu. Mtaalamu alitakiwa kusema ni mkono upi unaohisi nguvu. Wataalamu 21 walijaribu mara 280 kwa jumla, wakapata mara 123, yaani asilimia 44. Anayebahatisha angepata kama asilimia 50. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani.

Unaweza kuiga mpango huo nyumbani. Tuseme rafiki yako anasema anahisi maumivu ya kichwa akikaa karibu na simu iliyowashwa. Tafuta masanduku mawili yaliyofungwa yanayofanana, simu moja iliyowashwa isiyotoa sauti wala mtikisiko, na nyingine iliyozimwa.

1. Anzeni na jaribio la wazi. Mwonyeshe ni sanduku lipi lenye simu iliyowashwa, na umuulize kama anaihisi vizuri katika mazingira hayo. Hatua hii watu huiruka, kisha baadaye mwenye dai akisema chumba hakikumfaa hawana la kujibu.
2. Kubalianeni kwa maandishi idadi ya majaribio na alama ya kufaulu. Kwa majaribio 10, taka angalau 9. Anayebahatisha hupata 7 au zaidi karibu mara 1 katika kila 6, hivyo 7 si kitu. Kupata 9 au 10 kwa bahati ni takriban mara 1 katika 93.
3. Mtu wa tatu arushe sarafu, apange simu, kisha atoke chumbani. Asikutane macho na yeyote.
4. Wewe unayebaki na rafiki yako usijue mpangilio. Andika ni sanduku lipi analosema lina simu iliyowashwa, kisha rudieni kuanzia nambari 3.
5. Msiangalie majibu mpaka majaribio yote 10 yaishe.

Akishindwa, maumivu yake ya kichwa bado ni ya kweli. Kilichoanguka ni maelezo ya chanzo chake, na sasa anaweza kutafuta chanzo halisi. Akifaulu, rudieni jaribio zima kwa masharti makali zaidi kabla ya kushangilia.

Kuficha jibu kunahitajika hata pale tunapojitazama wenyewe na watoto wetu. Mwaka 1994 Daniel Hoover na Richard Milich waliwachukua wavulana 35 wenye umri wa miaka 5 hadi 7, ambao mama zao walisema sukari huwafanya watukutu. Wavulana wote walipewa kinywaji kisicho na sukari. Mama walioambiwa kwamba mtoto amekunywa sukari nyingi waliwaona watoto wao watukutu zaidi kuliko mama walioambiwa ukweli. Macho yao yalikuwa mazima. Walichokuwa wamekipokea ni jibu, kabla ya kutazama.

Hatua ya 6: Jihadhari na maneno yanayomtosha kila mtu

Mwaka 1948 Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akiamini yametokana na mtihani aliofanya. Walipoombwa kuyapima kwa alama 0 hadi 5, wastani ulikuwa 4.26. Wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, mengi yakiwa yametolewa kwenye kitabu cha unajimu: kwamba una uwezo mkubwa ambao hujautumia, kwamba wakati mwingine unakuwa mchangamfu na wakati mwingine unajitenga.

Kipimo ni rahisi. Chukua utabiri wa nyota zote 12, ondoa majina ya nyota, uchanganye, kisha mwambie mtu achague wake. Shawn Carlson alifanya jaribio kali zaidi la aina hiyo, likachapishwa katika jarida la Nature mwaka 1985: wanajimu waliobobea walipewa chati ya nyota ya mtu pamoja na maelezo matatu ya tabia, moja likiwa lake. Walipata kwa kiwango cha theluthi moja, sawasawa na kubahatisha.

Hatua ya 7: Ukubali linapothibitika

Wapo wanaojiita wenye kushuku ambao kazi yao ni kucheka wanakijiji. Tabia hiyo inanikera, na historia haiiungi mkono. Wakulima wa Ulaya walisema kwa vizazi kwamba mawe huanguka kutoka angani, na wasomi wengi wa karne ya 18 waliona ni ushirikina. Mwaka 1794 Ernst Chladni alitetea dai hilo kwa maandishi, na wengi wakamkebehi. Tarehe 26 Aprili 1803 maelfu ya mawe yaliangukia eneo la L'Aigle nchini Ufaransa. Mwanasayansi Jean-Baptiste Biot alitumwa huko. Aliwahoji mashahidi wengi waliotengana, akachora ramani ya mawe yalipoangukia, akalinganisha mawe hayo na ya eneo hilo. Ripoti yake iliwageuza wasomi. Tazama alivyofanya: hakuwaamini wanakijiji kwa kuwahurumia, wala hakuwapuuza. Aliwauliza kila mmoja kivyake, kisha akaangalia kama maneno yao yanalingana na mawe yenyewe.

Mfano wa pili naupenda zaidi kwa sababu unaonyesha uchujaji. Tu Youyou na wenzake nchini China walikusanya maelfu ya maelekezo ya tiba za jadi wakitafuta dawa ya malaria, wakajaribu dondoo za mimea kwa mamia. Nyingi sana hazikufanya kazi. Mmea mmoja, uitwao *Artemisia annua*, ulitoa matokeo ya kupandashuka, mpaka Tu aliporudi kwenye maandishi ya Ge Hong ya karne ya 4 na kuona kwamba majani yaliloweshwa kwenye maji na kukamuliwa, bila kuchemshwa. Akatumia joto dogo kutoa dondoo, na dawa ikakamilika. Dawa hiyo, artemisinini, imeokoa mamilioni ya watu, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Maarifa ya kale yaliyo kweli na yasiyo kweli yalikuwa kwenye rundo moja, yote yakiheshimika sawa. Ukongwe haukuyatenganisha. Kupima ndiko kulikoyatenganisha.

Hatua ya 8: Anza na imani zako mwenyewe

Jaribu zoezi la Peter Wason la mwaka 1960 kwa marafiki. Waambie nambari 2, 4, 6 zinafuata kanuni uliyoificha, nao wakupe nambari tatu tatu nyingine ili waigundue. Kila mara utawajibu kama zinafuata au hazifuati. Watakupa 8, 10, 12. Watakupa 20, 22, 24. Utawajibu ndiyo kila mara, kisha watatangaza kwa uhakika kwamba kanuni ni kuongeza mbili. Kanuni yenyewe ni nambari zozote zinazopanda. Wachache watajaribu 1, 2, 17, au 6, 4, 2, yaani watajaribu kuliangusha wazo lao wenyewe, na jaribio la namna hiyo ndilo linalofundisha.

Wanaopenda kusahihisha wengine wako hatarini zaidi. Kwa miaka mingi wenye kushuku walisimulia kwamba sifa ya spinachi kuwa na madini mengi ya chuma ilitokana na mwanasayansi aliyekosea nukta ya desimali. Mwaka 2010 Mike Sutton alifuata nyayo za kisa hicho kwenye vyanzo vya awali na hakukuta ushahidi wa kosa hilo la nukta. Hadithi iliyotumika kufundisha watu wasiamini ovyo ilikuwa imeaminiwa ovyo.

Kwa hiyo dai unalolipenda lichunguze kwa ukali uleule wa dai unalolichukia. Habari ikikuchoma kwa hasira au kukufurahisha mno kuhusu kundi usilolipenda, hiyo ndiyo ya kuichelewesha. Badala ya kusema naamini au siamini, sema kiwango: nina uhakika wa asilimia 70. Ushahidi mpya ukija, panda au shuka. Kuhama kutoka 70 hadi 50 hakuumi kama kukiri kwamba ulikosea kabisa, na ndiyo maana mtu anaweza kuhama hivyo mara nyingi zaidi.

Ukiwa na mtu unayempenda

Mbinu hizi zikitumika kama rungu, zitakuacha peke yako na mtu mwenye imani ngumu kuliko mwanzo. Mkubwa wako usimhoji mbele ya watu. Uliza ili ujue: ulilisikia wapi, limekusaidiaje, ni nini kingekufanya ubadili mawazo? Msikilize mpaka mwisho, kisha muombe ruhusa ya kumwonyesha ulichokipata. Mengi yaache; anayependa kusoma utabiri wa nyota asubuhi hajamdhuru mtu.

Ukali wako utunze kwa yale yanayoua au yanayofilisi. Mgonjwa wa kisukari, kifafa au saratani akiambiwa aache dawa za hospitali, usianze kwa kuibomoa imani yake yote, maana muda hauruhusu. Mtake jambo moja tu: asiache dawa ya daktari wakati anajaribu hiyo nyingine, na daktari aambiwe anachotumia. Muulize aliyempa tiba hiyo matokeo gani yanatarajiwa na kufikia tarehe ipi, yaandikwe. Kisha nendeni naye kupima sukari, damu au uvimbe tarehe hiyo ikifika, na mwacheni asome majibu yeye mwenyewe.